Barafu Isiyoacha Maji

Mlinzi wa shule alijipekua mifuko mwenyewe mbele ya wazazi, na aliyemfikisha hapo ni mimi, mtu mzima mwenye mvi, kwa hiyo mkitaka kunicheka chekeni tu, nimestahili.

Mjukuu wangu Kabula, aliyeko kidato cha tatu, alikuwa ametengeneza kisanduku cha kioo kwa ajili ya maonyesho ya sayansi shuleni kwao, upande wa Nyegezi. Juu kuna kitambaa kilicholoweshwa spiriti, chini sahani nyeusi ya bati, na sahani ile ikipozwa sana mvuke wa spiriti unageuka ukungu, halafu (ndivyo alivyonieleza, na nilimwomba arudie mara tatu) vichembe vinavyotoka angani, ambavyo hupita hata miilini mwetu bila sisi kujua, vinaacha mistari ndani ya ukungu huo. Nilitamani kuiona mistari hiyo kuliko hata yeye.

Ilihitajika barafu kavu, na kwa kuwa nimeuza samaki miaka thelathini, kazi ya kuitafuta nikapewa mimi. Nikapata bonge zima kwa rafiki yangu anayesafirisha minofu kwa ndege. Kabula alikuwa ameniagiza kwa simu: "Babu, ilete hivyo hivyo ilivyofungwa. Usiifungue."

Nikaifungua. Jioni ile ile, nyumbani Ilemela, niliona bonge limekaa vibaya ndani ya deli, lile sanduku langu la kutunzia baridi, nami barafu ya samaki huwa siiachi bonge, naivunja ili ienee, basi nikachukua nyundo nikaivunja vipande vipande, moshi mweupe ukaanza kutambaa mezani, nikafunika, nikafunua tena niuone, nikamwita mke wangu naye auone, nikafunua tena. ("Baba, huna kazi?" akaniuliza.)

Asubuhi sikufunua. Shuleni nikamkabidhi deli mlinzi wa getini, jina lake Ndaki, nikaenda kumsalimia mwalimu mkuu. Niliporudi nikafunua, na vipande vilivyobaki havikujaza hata bakuli. Nikapapasa ndani ya deli, chini kabisa. Pakavu! Sasa kwa muuza samaki, barafu ikipungua maji yanabaki, na maji yasipokuwepo, kuna mkono wa mtu.

"Barafu ya mtoto umempa nani?"

"Mzee wangu, barafu niipeleke wapi?"

"Kwa wale wauza soda wa nje ya geti! Kama imeyeyuka, nionyeshe maji!"

Wazazi wakasogea. Ndaki hakubishana, akageuza mifuko ya suruali nje, zikatoka funguo na leso. "Tazama, mzee, labda imo humu." Watu wakaangua kicheko, nami nikazidi kupaza sauti, mpaka Kabula akaja mbio.

"Babu, hii haiachi maji. Inageuka hewa moja kwa moja." Akachungulia ndani ya deli. "Uliivunja?"

"Kidogo."

"Na ulifungua mara ngapi?"

Nikafunika deli.

"Ingebaki bonge ingekaa, babu. Majaji ndio hao wanakuja."

Machozi yalimlengalenga. Muhula mzima alikuwa na kisanduku kile, akitaka achaguliwe kwenda mashindano ya mkoa. Nikamwomba Ndaki msamaha pale pale, kwa sauti ile ile niliyomshutumia, wote wasikie. Akasema yameisha.

Kabula akapanga mabaki yote chini ya sahani. Ukungu ulichelewa kutulia, halafu majaji wakainama na kuanza kuitana kama watoto, walimu wakafuata, na barafu ilipokaribia kwisha Kabula akaniashiria nije. Nikamsukuma Ndaki mbele yangu. Zamu yangu ilipofika nilikuta sahani nyeusi, na uso wangu kwenye kioo.

Kabula alichaguliwa, tena bila msaada wangu. Tangu siku hiyo akiniagiza jambo nalifanya kama lilivyo, hata nikiona halina maana, na simtuhumu mtu kabla sijauliza. Mistari yenyewe sijaiona mpaka leo. Kila nikipita getini namwomba Ndaki anisimulie, naye hana kinyongo. "Nyuzi nyeupe, mzee, nyembamba kweli, unakuja mmoja unapotea, unakuja mwingine." Ila naona kila akisimulia zinaongezeka.