Nyasi ya Kahiga na Ulimi wa Ng'ombe

"Ukikata sasa, Mama Kui, utaniachia shamba lenye kipara," mwanangu Kahiga alisema.

"Na usipokata, Baba Kui, mimi ng'ombe nauza. Sitamlisha fagio mwaka wa pili," mkewe Wamaitha akamjibu.

Mimi nilikuwa nimekalia robota la nyasi, nakula njugu.

Huyu Kahiga alivunja mawe kule Kiserian tangu ndevu hazijaota, na mtu wa machimbo hupima kila kitu kwa ukubwa. Hata mke alichagua hivyo, lakini Wamaitha usimwambie. Alipopata kashamba hapa nje ya Kitengela akapanda nyasi, na kila asubuhi anaingia katikati aone kama imemfika kifuani. Mwaka jana aliiacha mpaka mbegu zikaanguka. Ilirefuka hivi kwamba twiga wa mbugani aliingia akapotea, tukamtafuta na mbwa. Cheka tu, lakini huyo mbwa mpaka leo anaogopa nyasi.

Marobota yalijaa stoo yakafika jikoni kwangu, na Kahiga akawa anatembea kama chifu. Lakini nyasi ikizeeka majani yanapungua, vinabaki vijiti. Ng'ombe alitafuna kutwa, tumbo likajaa, maziwa yakapungua. Mimi nilichomoa vijiti viwili nikamfumia Kui sweta.

Sasa Wamaitha anataka ikatwe ikianza tu kutoa maua. Marobota yatakuwa machache, hilo hakatai, lakini laini, na mvua ikirudi itachipuka tena. Kahiga anasema hiyo ni kuchinja ndama. Wakabishana mpaka wakakubaliana ng'ombe mwenyewe aamue: nyasi changa upande mmoja wa hori, nzee ya mwaka jana upande mwingine. Wamaitha akirudi kutoka kupeleka maziwa kwa jirani, ng'ombe afunguliwe. Akianza na changa, trekta ya kukata inaitwa leo.

Wamaitha hajamaliza kutoka langoni, Kahiga akachomoka stoo na mfuko wa chumvi ya ng'ombe, akainyunyizia ile nzee kama mtu anapika pilau.

"Mama, wewe hujaona kitu."

"Macho ni ya uzee, hayaoni. Mdomo ndio uko sawa."

Akaniahidi shuka mpya. Nikataka mbili. Alikuwa bado anapiga hesabu zake ng'ombe alipojivuta, kamba ikakatika, akapita changa, akapita nzee, akaja moja kwa moja kwa Kahiga. Akamkamata mkono kwa ulimi, kutoka vidole hadi kiwiko, na hataki kuachilia.

"Mama, mshike huyu, haraka, kabla Mama Kui haja..."

Lango likalia. Wamaitha alisimama hapo na mtungi mtupu, akauangalia ule mkono mweupe kwa chumvi, akaangalia mfuko. Kahiga akatoa simu kwa mkono uliobaki, akaanza kutafuta namba ya mtu wa trekta.