Mbeleko ya Baba Mkwe

Alhamisi, mwezi wa nne. Mvua ilianza kabla ng'ombe hawajatolewa zizini. Si kubwa, ni ile ya kuchosha, inayolowesha kila kitu polepole hadi kuni.

Wifi yangu alifika na pikapu ya kukodi, nyuma amefunga mashine ya kunyanyulia mgonjwa. Ameiazima Bomani, kwenye nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi ya jikoni. Aliposhuka hakusalimu, alisema tu, "Pisheni njia." Labda ni kwa sababu ya kulowa. Sitaki kumwandikia ubaya ambao hakuufanya.

Baba mkwe amelala tangu apooze upande mmoja. Mume wangu na mdogo wake ndio waliokuwa wanamnyanyua, mmoja mabegani, mwingine miguuni. Sasa mume wangu yuko malishoni Mbalibali na mifugo mingine, na shemeji peke yake hamuwezi, maana mzee ni mzito. Mimi ni mkwe, mwiko kumgusa. Kidonda kimefunguka chini ya mgongo wake, na muuguzi wa Bomani alisema wazi kwamba asipotolewa kitandani kila siku, kitafika kwenye mfupa.

Tukaisukuma mashine hadi chumbani. Miguu yake ikagoma kuingia chini ya kitanda. Wifi akanigeukia.

"Nilikuuliza kwenye simu kitanda kikoje. Ukasema cha kawaida!"

Ni kweli aliniuliza, na ni kweli nilimjibu hivyo. Lakini hakuniambia nipime uwazi wa chini, na mimi sikufikiri. Tugawane hilo kosa. Shemeji alileta matofali, akakiinua kitanda kona moja baada ya nyingine, mzee akiwa juu yake anaguna.

Ikaja zamu ya kitambaa cha kumbebea, ambacho muuguzi alikiita mbeleko. Muuguzi huyo ni mgeni huku, serikali imemleta kutoka Singida. Juzi nilipokwenda Bomani alinilaza mimi mwenyewe ndani yake ili nione. Alisema ncha mbili za chini zipite chini ya mapaja, zipishane katikati, ndipo zitundikwe kwenye ndoano. Ukishanyanyua kidogo unasimama kwanza, unaangalia kama kila kitanzi kimeshika.

Nikayasema hayo kutoka mlangoni. Mtoto wa kiume apitishe mkono kwenye mapaja ya baba yake? Au binti?

Shemeji akasema, "Hakuna haja. Tutampitishia kwapani tu, kama ng'ombe aliyelala. Mwaka wa ukame nimenyanyua wangapi hapa?"

"Ng'ombe ana miguu minne," nikasema.

Wifi akacheka, cheko la kunichoma. "Kumbe mwenzetu unayatamani sana mapaja ya baba. Ingia basi uyashike!"

Nikabaki mlangoni. Sijui hata sasa kama ilikuwa heshima au woga.

Wakamfunga walivyotaka, kitambaa kikazunguka mgongo na kwapa. Ncha za miguuni zikaachwa zinaning'inia. Shemeji akapampu mashine. Mzee akapanda, mabega yakatangulia, matako yakiburuta shuka. Hawakusimama kuangalia. Alipoachana na godoro, mkono wake uliokufa ukanyooka juu wenyewe, kwapa likafunguka, akaanza kuteleza. Kitambaa kikampanda kidevuni. Akatoa sauti kama mtu anayesukutua koo. Wifi akapiga kelele, "Mshushe! Mshushe!" na shemeji akawa anatafuta pa kushushia, haoni.

Nikaingia. Nilimkumbatia baba mkwe kwenye mapaja yote mawili, nikambeba juu kwa nguvu zangu zote mpaka shemeji akaipata valvu ya kushushia, tukashuka naye godoroni pamoja. Kilemba changu kilikuwa kimebaki kwenye mkono wake ulio mzima.

Halafu wifi akasema taratibu, "Umemgusa."

"Ndiyo."

"Atatakiwa mbuzi wa kuondoa mwiko. Na hutamtoa kwetu, utamtoa kwenu."

Shemeji, nimshukuru kwa hili, alisema yeye ndiye aliyefunga vibaya. Wifi akamwambia anyamaze.

Mzee alikuwa anahema. Mdomo wake umepinda, maneno yanatoka nusu nusu, lakini haya tuliyasikia wote: "Mtaniua na heshima yenu. Huyu ameshanishika. Sasa afunge."

Basi nikafunga. Nilimgeuza ubavu, nikaangalia ukuta muda wote nilioweza, nikapitisha ncha chini ya mapaja, nikazipishanisha. Shemeji alipampu kidogo, nikamwambia simama, nikashika kitanzi kimoja kimoja. Safari hii alipanda amekaa, magoti mbele. Tukamweka kwenye kiti, kidonda hakigusi kitu. Mzee alifumba macho. Wifi alitoka nje akasimama kwenye mvua.

Barabara ilikuwa tope, pikapu haikuweza kurudi, kwa hiyo amelala hapa. Kesho ataita wazee kuhusu mbuzi, amesema hivyo kwa sauti ili nisikie. Labda ana haki. Kesho pia mzee lazima anyanyuliwe, na hajataja nani atamfunga.

Jioni tulikula ugali wa mtama na muhogo, na mboga ya mgagani iliyochemshwa kwa maziwa. Mzee alikula amekaa, kwa mkono wake mzima. Wifi aliomba chumvi kupitia kwa shemeji.