Kilele wanachotaka kukodisha kwa mnara, nimemzika mwanangu hapo

Admin, usitaje jina langu wala la kijiji changu, maana huku Karatu tunajuana hadi mbuzi wa nani kapotea. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, Mwiraqw, mkulima, nimeolewa mwaka wa kumi na mbili sasa na fundi ujenzi. Hatuna mtoto. Wenzangu niliosoma nao wanaitwa Mama Fulani, mimi bado naitwa mke wa fundi. Leo ni siku ya mnada, nyumbani nimeaga kwamba nafuata mbegu mjini, kumbe nipo intaneti kafe naandika kwa kidole kimoja. Mnivumilie.

Kijijini kwetu mtandao haushiki. Mwenye simu lazima apande kilima cha kijiji, kule tunakokata majani ya ng'ombe, azunguke akinyanyua mkono juu. Mwaka jana mke wa shemeji yangu alishikwa uchungu mvua inanyesha. Shemeji, kaka wa mume wangu, alikimbia kilimani kumpigia mwenye gari, simu ikagoma, ikagoma, ilipokubali na yeye akashuka, mke alikuwa ameshafariki na mtoto tumboni. Kwa hiyo kampuni ya simu ilipoleta barua kuomba kukodi sehemu ya kilima wajenge mnara, tulishangilia wote. Hata mimi nilipiga vigelegele. Nilijua kilima ni kikubwa.

Sasa niwaambie nisichowahi kumwambia mtu. Nikiwa na miaka kumi na saba nilipata mimba nikiwa kwetu. Kwa mila zetu za zamani, msichana wa namna hiyo aliondoshwa nyumbani. Na mtoto akizaliwa mfu, nyumba nzima inaingia metimani: hamtembelewi, hamtembelei, hamchoti maji na wenzenu, mnakaa peke yenu miezi na miezi mpaka mtakaswe. Bibi mzaa mama alinificha kwake, kijiji hikihiki nilichokuja kuolewa, ili nyumba yetu isipatwe na hayo. Kijana mwenyewe alihamia Arusha na hakujua lolote.

Mtoto alizaliwa mchana, watu wako kwenye mavuno ya ngano. Alikuwa wa kike, ana nywele nyingi. Hakulia. Nilimshika muda mfupi tu, bibi akamchukua.

"Tukimzika uani watu wataona udongo mpya," alisema. "Twende juu kilimani, kule halimi mtu."

Tulimfunga kwenye kanga yangu, tukamweka ndani ya kapu, juu yake gunia na mundu, tukapanda. Bibi alichimba, mimi nimelipakata kapu. Tulipomaliza tulikata majani kweli, tukashuka nayo vichwani. Njiani nilianza kulia, bibi akanigeukia: "Nyamaza. Wewe huna msiba."

Bibi alishafariki, na mpaka leo sijalia kwa sauti. Hospitali wanasema sina tatizo lakini sijashika mimba nyingine. Nimeokoka, najua natakiwa kuachana na mambo ya metimani, ila moyoni nimejiambia mara nyingi kwamba naadhibiwa kwa kuuficha ule msiba. Huyo ndiye mtoto pekee niliyemzaa.

Mimi ni katibu wa kamati ya ardhi ya kijiji. Mwezi uliopita tulipanda na mpimaji wa kampuni. Akapima, akasogea, akapima tena, akapigilia vigingi vinne. Wapendwa, ni palepale. Nikamuuliza, "Haiwezekani mkasogeza kidogo upande ule?" Akasema, "Mama, ule ni mwamba mtupu. Ni hapa, au tutafute kijiji kingine."

Mwenyekiti akanitazama. "Kwani hapa pana nini, katibu?"

"Hamna kitu. Nauliza tu."

Kisha akatuuliza wote kama kuna kaburi, maana kampuni inataka maandishi. Mzee mmoja akajibu kwamba tangu azaliwe hapo hajazikwa mtu. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, "Hakuna kaburi," nikasaini. Mwoga mkubwa mimi! Nilikuwa nimekanyaga juu yake na kalamu mkononi.

Jumamosi hii ni mkutano mkuu wa kijiji, ndipo wananchi watakapoamua kukodisha au kukataa. Mimi ndiye nitakayesoma taarifa ya kamati mbele ya watu wote. Nikisema ukweli, kampuni inaweza kuondoka, na mwanamke mwingine akishikwa uchungu nitamtazamaje usoni? Na mume wangu atajua kwamba miaka yote hii ameishi na mtu asiyemjua. Ndugu zake walimshauri aoe mwingine, akawafukuza pale nyumbani mbele yangu. Sijawahi kumlipa wema huo hata kwa neno moja la kweli.

Juzi wakati wa chakula aliweka kijiko chini akaniambia, "Mke wangu, mkutano ukipitisha, msingi nachimba mimi. Nimewaambia sitaki malipo. Mungu hajatupa wa kwetu, basi angalau tusaidie watoto wa wenzetu wazaliwe salama." Nikasema asante Mungu, nikatoka nje nikajifanya naita kuku.

Sururu yake ameshaitia mpini mpya. Nikinyamaza Jumamosi, wiki ijayo atapanda kilimani, na mikono itakayomfukua mwanangu itakuwa ya mwanaume pekee aliyewahi kunionea huruma kwa kukosa mtoto. Huenda akaiona kanga kabla hajaona kingine, na akashuka mbio kuja kunisimulia mimi.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nimebakiwa na siku tatu. Mngekuwa mimi mngemwambia? Na mngeanzia wapi?