Vigelegele vya Msiba

Mambo yangu mengi mnayajua, lakini hili nililificha miaka, hata mume wangu alilisikia kwa watu, na nalisema leo kwa sababu aibu ikizeeka nayo hupungua makali (kidogo tu, msinitazame hivyo).

Kazi yangu mnaijua. Nimesoma fasihi ya Kijerumani mpaka nikapata udaktari, na somo langu ni michezo ya kuigiza ya zamani, ile ya kanisani, ambamo mauti na shetani wanamgombania binadamu. Kwetu Nyakatuntu udaktari huo haukueleweka. Nikija likizo wazee walininyooshea mkono niwapime presha, na mimi kwa kuchoka kueleza nikawa nawashika kiganja na kuwaambia wapunguze chumvi.

Sasa likizo moja usharika wetu ulipata mgeni, mzee wa Kijerumani, na mkalimani wake akashikwa na malaria akabaki mjini Kayanga. Jumapili asubuhi mchungaji akanikuta namenya ndizi, akaniuliza kama nitaweza kutafsiri. Ningesema ngoja kwanza niongee na mgeni nione kama tunaelewana, lakini mama alikuwa pale ananitazama kwa fahari, nikajibu, "Mchungaji, hiyo ndiyo kazi yangu."

Mzee akasimama mbele ya kanisa, akaanza kusema, na sikuelewa kitu. Kijerumani changu ni cha vitabuni, yeye alisema cha kijijini kwao huko milimani, maneno yamemezwa nusu. Nilidaka matatu tu: mama, Afrika, nyumbani. Ningemwomba arudie, ila kanisa limejaa na wote wananitazama, nikajikuta nasema mama yake anatusalimu sana. Vigelegele. Mzee akashangaa, akaendelea, sauti ikaanza kutetemeka, nikasema mama huyo anaona huku ndiko nyumbani. Vigelegele zaidi. Akafuta machozi, nikawaambia ni ya furaha, na kwa kuwa uongo ulishanikolea nikaongeza kwamba mwakani atamleta mama mwenyewe tumwone. Kwaya ikaimba bila kuombwa, na mwenyekiti wa akina mama akatangaza kuwa mbuzi wa kumpokea amekwishapatikana.

Ndipo akainuka shangazi yangu Kokushubira, kule benchi la nyuma. Ujanani aliwafulia na kuwapigia pasi wauguzi wa Kizungu hospitalini, upande wa Nyakahanga. Alingoja kwaya inyamaze.

"Mwanangu," aliniambia taratibu, kanisa zima likisikia, "anasema mama yake amekufa. Alikuwa muuguzi wetu. Kabla ya kufa alimtuma aje atuage kwa niaba yake."

Nilitamani sakafu ipasuke. Shangazi akaja mbele, akamshika mzee mikono yote miwili, akamsemesha kwa lugha ileile ya milimani, aliyoiokota kwa wauguzi wale, na yule mzee akainamisha kichwa begani kwake akalia kama mtoto. Mchungaji alininyang'anya kipaza sauti.

Baada ya ibada nilikwenda kumwomba radhi, shangazi akitafsiri (ndiyo, mimi daktari nikitafsiriwa). Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akasema mama yake hakupigiwa vigelegele hata siku ya harusi yake, kwa hiyo nisilie.

Nililia hata hivyo. Nilikumbuka utotoni, nyuma ya nyumba ya shangazi, pasi ya mkaa ikitoa moshi, yeye akiimba kwa sauti ya chini nyimbo za maneno ya ajabu na sisi watoto tukicheka kwamba anaongea na kuku. Nilivuka bahari nikakaa miaka maktabani nikiitafuta lugha iliyokuwa uani kwetu, na sikuwahi hata mara moja kumuuliza anaimba nini. Kwa muda aliobakiwa nao nilimuuliza, nikaandika nilichowahi, lakini nyimbo nyingi amezikwa nazo.

Tangu siku hiyo, nisipoelewa nasema sijaelewa, hata mbele ya maprofesa, hata mara tatu. Na wazee wakininyooshea mkono nawaambia ukweli: mimi ni daktari wa vitabu, nendeni zahanati.