Pima Mara Tatu
Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Fundi tu. Hamwamini mtu. Kitambaa anakipima mara tatu kabla ya kukitia mkasi, na mteja anampima kwa macho kabla ya kumkaribisha kiti. Cherehani yake ameielekeza barabarani ili mpita njia asimnyakulie kitu, na mgongo ameupa chumba anamochezea mwanawe. Kitu pekee kinachomshinda kulinda ni penseli yake. Kila siku anaitafuta chini ya vitambaa, ananishuku mimi, na kumbe anatembea nayo.

Huyo mwanawe tunamwita Sisimizi, kwa sababu hatulii. Ni msichana wa miaka mitano, na hasikii tangu kuzaliwa. Akimtaka mama yake humvuta gauni. Fundi hajawahi kuitwa na mtoto wake hata mara moja, na jambo hilo hulisema siku akiwa amechoka sana.

Muhula huu chekechea ya jirani ilianza kuwasomesha watoto wote darasa moja, wanaosikia na wasiosikia. Nilimbembeleza Fundi mwezi mzima ndipo akakubali, shingo upande. Mwalimu msaidizi aliyepangiwa kina Sisimizi ni binti mpole anayezungumza nao kwa mikono, na Fundi akambandika jina la Mwalimu Kimya.

"Anachekacheka mno yule," aliniambia. "Mtu mzima anacheka nini asubuhi yote ile?"

Kila mchana Sisimizi akirudi alikaguliwa: vifungo, magoti, kucha, mpaka ndani ya mdomo. Hakuna kilichopungua, na hilo nalo likamtia Fundi wasiwasi.

Wiki ya tatu akakipata alichokuwa akikitafuta. Tulikuwa mezani. Sisimizi alimtazama mama yake, akapeleka vidole viwili kando ya sikio, akabana, akavuta. Akarudia. Fundi akaweka kijiko chini.

"Umeona, wifi? Wanamvuta sikio."

Nikalikagua sikio lenyewe. "Mbona halina hata alama?"

"Wazoefu hao. Hawaachi alama."

Tangu siku hiyo mtoto alifanya vile asubuhi, jioni, mlangoni, kitandani. Kila mara Fundi aliushika ule mkono mdogo, akaushusha, akageuza uso kwa uchungu. Wiki ilipotimia akakata shauri: shule basi, Sisimizi arudi chini ya meza ya kukatia. Nilikasirika, sifichi. Chini ya meza ile mtoto alikuwa ameishi miaka akichezea mabaki ya vitambaa peke yake, na sasa ndiyo kwanza amepata wenzake.

"Kamuulize mwalimu kwanza," nikamwambia.

"Tangu lini mwizi akaulizwa kama ameiba?"

"Wifi, kitambaa cha watu unakipima mara tatu. Mwanao unamkata bila kupima?"

Alinisonya, lakini asubuhi iliyofuata alimwacha aende, nasi tukamfuata bila taarifa. Tulipita nyuma ya darasa na kuchungulia dirishani. Watoto walikuwa wamekaa nusu duara, kila mmoja akiona uso na mikono ya mwenzake. Nilitaka kumwambia Fundi turudi, mara mtoto mmoja wa mtaani kwetu, anayesikia vizuri kabisa, akamwona dirishani. Akamgusa Sisimizi begani, akapeleka vidole kando ya sikio, akabana, akavuta. Na wengine wakafanya vile vile.

"Mungu wangu! Kumbe wote wanavutwa!"

Kabla sijamshika alikuwa keshaingia.

"Mwalimu, nani anawavuta masikio hawa watoto?"

Mwalimu Kimya aligeuka. Kisha akamtazama Fundi upande wa kichwa, na uso ukamlegea.

"Mama, hebu shika sikio lako."

Fundi akashika. Penseli ilikuwa pale, imechomekwa tangu alfajiri.

"Hapa kila mtu ana jina la mikono," mwalimu akasema. "Langu ni hili," na akagusa mwanya wa meno yake. "La kuchomoa penseli ni lako. Sikumfundisha mimi, amelibuni mwenyewe, na wenzake wakalishika. Hasemi habari za sikio, mama. Anakuita."

Fundi aliichomoa penseli. Nilijua anakumbuka nini, maana na mimi nilikuwa nakumbuka: asubuhi, jioni, mlangoni, kitandani. Wiki nzima mtoto alikuwa akimwita, na wiki nzima yeye alikuwa akiushusha mkono wake.

Mwingine angelia pale pale. Fundi alitoka nje, akafunga mlango, akaufungua, akachungulia. Sisimizi akapeleka vidole sikioni. Akatoka tena, akarudi, vidole sikioni. Mara ya tatu darasa zima lilikuwa linacheka, na mara ya tatu akaitwa. Hapo ndipo alipojibana kwenye kiti kidogo cha watoto na kulia mpaka kanga ikalowa.

Jioni aliniita nimsaidie kugeuza cherehani itazame chumbani. Nikamkumbusha kwamba akiupa mlango mgongo ataibiwa vitambaa.

"Waibe," akasema huku akisukuma. "Nikimpa huyu mgongo, ataniitaje?"