Feni ya Tanga katika Baridi ya Ihembe

Mume wangu alikuwa fundi wa mafriji na feni. Tangu nimfahamu, huko Tanga, baraza yetu haikukosa friji la mtu lililofunguliwa mgongo, na meza yetu haikukosa bisibisi kando ya kijiko. Ada za watoto, mchele, hata vitenge nilivyovaa, vyote vilitokana na watu wa Tanga kuchoshwa na joto. Mtu huyo aliyekula jasho lake kwa kutengeneza baridi ndiye niliyemleta kwetu Ihembe, milimani, uzeeni, akaanza kutetemeka mchana kweupe.

Sikumleta kwa nguvu, jamani. Wazazi wangu walipofariki, kibanja chao kilibaki bila mtu: migomba, kahawa, na mahali pa nyumba katikati. Ndugu zangu walishajijenga Kyerwa na hawakuwa na haja nacho. Mimi nilikuwa nimeishi pwani tangu usichana, nikazaa huko na kuzeeka huko, lakini kila mwaka nilipokuja likizo nilipata usingizi ambao Tanga sikuwahi kuupata. Nilitaka nimalizie maisha yangu hapa, na nilitaka nimalizie pamoja naye. Hayo mawili yalikuwa hayajakubaliana.

Tulikubaliana hivi: tutajenga, tutahamia, tutakaa mpaka tuvune maharage ya kwanza, yale yanayovunwa wakati wa baridi. Hapo ndipo angenipa jibu.

"Nikishindwa, tunarudi," alisema. "Na wewe usije ukaninunia."

Nilimwambia sawa, ingawa kununa ni haki ya mtu. Akafungasha. Katika mizigo yake akatia feni moja ya kusimama, nzuri, aliyoitengeneza mwenyewe kwa vipuri vya feni nyingine. Aliifungia ndani ya boksi, akalizungushia kamba ya manila, na tulipofika akaliweka juu ya kabati. Hakulifungua. Kila nilipolitazama lile boksi niliona tiketi ya basi.

Nyumba aliichora yeye, na hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Alichora nyumba ya Tanga. Dari juu, madirisha mapana, mlango wa mbele umetazamana na wa nyuma ili upepo upite bila kupinda, na juu ya kila mlango matundu ya hewa. Fundi wetu wa Ihembe aliitazama ile karatasi, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mzee, upepo wote huu unaualika wa nini?"

"Nyumba lazima ipumue," mume wangu akamjibu.

Basi ikapumua. Asubuhi ukungu uliingia kwa matundu ukakaa nasi sebuleni tukinywa chai. Jioni upepo ulishuka kutoka mlimani, ukabisha mbele, ukatokea nyuma, na pazia zikabaki zimelala hewani. Mzee akawa anavaa sweta mbili, koti refu la marehemu baba yangu, kofia ya sufu na soksi za mpira wa miguu zilizomfika magotini. Nilimwambia amebakiza kuvaa godoro. Hakucheka.

Lakini kilichomtesa zaidi kilitoka mkononi mwake mwenyewe. Watu wa pwani wana desturi yao: kabla jua halijakomaa, sakafu inamwagiwa maji na kupigwa deki, nyumba inapoa, ndipo mkeka unatandikwa. Desturi nzuri sana, kwa Tanga. Mume wangu aliifanya maisha yake yote, na Ihembe hakuiacha. Kunakucha, baridi inauma masikio, yeye huyo na ndoo. Saruji iliyokwisha kupoa usiku kucha anaiongezea maji, kisha siku nzima analalamika kwamba miguu inamfa ganzi.

"Acha maji basi," nikamwambia.

"Nyumba isiyopigwa deki si nyumba."

Jirani yangu alikuwa akimwona kila asubuhi akimwaga ndoo uani. Huyu jirani ni mama wa makamo yangu, mkulima hodari, wazazi wake walikuja kutoka Rwanda zamani, na shamba lake limepakana na kibanja chetu. Ndiye aliyekuwa akituletea maziwa anapotoka kwa wafugaji. Siku moja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mkwe wetu anamwagilia nini humo ndani? Mmepanda mchicha?"

Nilicheka, lakini sikumcheka mume wangu. Yaliwahi kunikuta na mimi, tena vibaya zaidi. Nilipoolewa nikiwa binti, mwaka ule wa kwanza, mama mkwe alituma habari kwamba anakuja kututembelea. Kwetu, mgeni wa heshima anatandikiwa majani mapya. Unakwenda mlimani, unakata majani laini, unayaanika kidogo, unayatandaza sakafuni chumba kizima. Mgeni anakaa, ananusa, anajua kwamba amepokelewa. Nami nikazunguka Tanga nzima kutafuta majani, nikayapata nyuma ya kiwanja cha mpira, nikatandika chumba chetu mpaka mlangoni. Madirisha nikayafunga, maana kwetu jioni dirisha linafungwa. Mama mkwe akafika, akasimama mlangoni na ndala zake mkononi, jasho likimtoka kabla hajaingia. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "mbuzi yuko wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilipomweleza, yule mama aliingia, akakaa juu ya majani yangu, akala chakula changu, na majani hayakuondolewa mpaka alipokwenda zake. Kesho yake ndipo aliponifundisha: deki mapema, milango yote miwili wazi, kanga mbichi mabegani wakati wa kulala. Nilimpenda tangu siku ile na sijaacha kumpenda.

Sasa joto nililovumilia mimi kwao lilikuwa deni? Hapana, sikutaka tufike huko. Nilitaka akae kwa kupenda. Na nilikuwa naona hapendi. Kaka yake alipiga simu kutoka Tanga, akamuuliza kwa mzaha, "Bado hujarudi? Au ndiyo umeolewa huko?" Mwanamume anayeishi kwenye ardhi ya kina mke wake hakosi kuambiwa hivyo. Mzee alicheka kwenye simu. Alipoikata akapanda kwenye stuli, akalifuta vumbi lile boksi la feni, akalirudisha mahali pake. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Niliogopa kweli. Kama angesema turudi, ningerudi, kwa sababu kibanja bila yeye ningekifanyia nini? Lakini ningerudi nimekatika katikati.

Maharage yalianza kugeuka rangi shambani, na baridi ikakaza. Siku moja nilitoka kuchuma mboga nikakuta ameziba matundu yote ya chumbani kwa magunia, amefunga dirisha, ameingiza jiko la mkaa ndani, na yeye mwenyewe yuko kitandani anaota moto kwa raha zake. Nililibeba jiko lile kwa vitambaa viwili nikalitupa uani, na maneno niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa. Mkaa ndani ya chumba kilichozibwa haupigi kelele, unamlaza mtu moja kwa moja. Na yeye akapandisha sauti: atakufa kwa mkaa au kwa baridi, nichague.

Nyumba yenye matundu haina siri. Kesho yake mchana jirani yangu alitokea na wanawake wengine wawili, kila mmoja na mzigo wa majani kichwani. Wakatua uani. Wale wawili wadogo wakapiga goti wakamwamkia mzee shikamoo, naye akaitika marahaba huku mikono iko makwapani.

"Mkwe," jirani akamwambia, "hapa baridi hatuipikii mkaa. Tunaitandikia. Lakini hiyo ndoo yako uiweke pembeni kwanza, sakafu ikauke."

Mume wangu aliutazama mzigo wa majani. Akanitazama mimi. Nikaona kitu kinamchezacheza mdomoni.

"Mbuzi yuko wapi?" akauliza.

Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Wale wanawake walidhani baridi imetupanda kichwani, ikabidi nisimulie habari ya mama mkwe tangu mwanzo, nao wakacheka kwa zamu yao. Jirani akapangusa machozi, akasema, "Leo mbuzi hayupo, yupo mkwe. Keti, mzee."

Sakafu ilipokauka wakayatandaza majani sebuleni na chumbani, naye akakaa. Akanyoosha miguu. Akawa anabonyeza majani kwa kiganja kama anayekagua kitu kilicholetwa kwake kikiwa kibovu. Halafu akavua soksi moja. Mimi nilijifanya sijaona.

"Hii ni sufi ya friji," akasema mwishowe.

Akatueleza, na alieleza kwa furaha ambayo sikuiona tangu tuhame. Ukuta wa friji una sufi katikati. Sufi inashika hewa, na hewa ikishikwa joto halipiti. Friji zuri ni lile linalofungia baridi ndani isitoke. Sasa hapa kazi ni ileile, ila baridi inafungiwa nje isiingie. "Nimejenga friji nikakaa ndani yake na mlango wazi," alisema, akatikisa kichwa.

Tangu hapo akaichukua kazi ile kuwa yake. Matundu akayapunguza kwa tofali na udongo, akabakiza machache ya kutolea hewa. Madirisha ya upande wa mlima akayatengenezea mbao za kufunga jioni. Machipukizi ya migomba nikamwona anayapanda karibu na ukuta yakue yakate upepo. Jioni tulihamia kwenye jiko la kuni la marehemu mama yangu, pale nyuma ya nyumba, tukakaa na moto mpaka usingizi utuite. Tukienda kulala anabeba jiwe lililopashwa moto, limeviringishwa kwenye kanga kuukuu, kwa ajili ya miguu. Alfajiri bado aliamka mapema vilevile, ila badala ya deki aligeuza majani na kutoa yaliyolowa. Mtu mzima humnyang'anyi asubuhi yake.

Lakini jibu hakunipa, nami sikumuuliza. Boksi lilikuwa palepale juu ya kabati.

Tukang'oa maharage, tukayaanika, tukayapura kwa fimbo. Ikabaki kupepeta. Sasa ule upepo uliotutesa msimu mzima, siku tuliyouhitaji ukagoma. Jani la mgomba halikutikisika. Nikamwacha mzee na jirani uani wakiusubiri, nikaenda dukani kununua chumvi.

Niliporudi nilipitia mlango wa mbele, nikaingia chumbani kubadili kanga. Juu ya kabati palikuwa peupe. Kamba ya manila ilikuwa kitandani, imekatwa kwa kisu.

Nikakaa chini, kwenye majani, na chumvi yangu mkononi. Nilianza kufikiri nitamwambia nini jirani, na nani atapalilia kahawa ya baba. Sikumkasirikia. Alijaribu, nilimwona akijaribu, na hicho ndicho kilichoniuma. Ndipo nikasikia mlio ninaoujua, mlio uliokuwa ukinilaza usiku wa Tanga kwa miaka yote ile. Ulikuwa unatoka uani.

Nikatoka. Waya mrefu ulikuwa umepitishwa dirishani. Feni ilikuwa juu ya stuli, inazunguka kwa kasi yake yote, na kando yake mume wangu na koti la baba yangu, kofia ya sufu imeshuka hadi nyusini. Jirani alisimama mbele na ungo, anamimina maharage polepole, na makapi yanaruka yanakwenda zake migombani. Maharage yalikuwa yanadondoka kwenye turubai, mekundu, safi.

Nikasimama nimeshika mlango. "Na jibu langu?" nikamuuliza.

"Sogea kidogo, mama, unauzuia upepo."

Nikasogea. Wakamaliza ungo ule. Akazima feni, akainama kwa shida ya mgongo wake, akachagua maharage makubwamakubwa, akajaza viganja viwili, akanimiminia kwenye kanga yangu.

"Haya usipike," akasema. "Ni ya mbegu."

Nikayafunga kwenye pindo la kanga, nikaenda kubandika mengine.