Mshumaa wa Kimo cha Pascalia

Wanaomkumbuka Kaviha wa Changamwe huikumbuka kwanza mikono yake, maana ilinukia asali hata siku ambazo hakuigusa nta. Watoto wa mtaani walimwamkia huku wakimnusa. "Shikamoo Mama Pascalia," na pua imekwisha kufika kiganjani. Naye hucheka akawafukuza, "Haya, tokeni, msije mkanila vidole!"

Kazi hiyo hakurithishwa na mtu. Aliingizwa na uzi mmoja wa pamba, na uzi wenyewe haukuwa wake.

Ilikuwa wakati wa vita vile vikubwa, mafuta ya taa yalipoadimika, watu wakawa wanalala na jua kama kuku. Pascalia, mtoto wake wa pekee, alishikwa na surua, surua ikamshuka kifuani. Akawa ni wa kulala tu, macho nusu, pumzi kama mtu anayepuliza kuni mbichi. Babake, Gona, alikuwa kuli bandarini Kilindini. Kila asubuhi alitoka akiomba asifuatwe kazini na mtu wa kumwita nyumbani.

Siku moja mavyaa yake Kaviha, bibi mmoja jina lake Jumwa, aliingia chumbani na uzi. Jumwa alikuwa amezika watoto wengi kuliko aliobaki nao, na mambo hayo aliyajua kama anavyoijua njia ya kisimani. Akamnyoosha mjukuu wake taratibu, akaupitisha uzi toka utosini hadi kisiginoni, akaukata kwa meno.

"Wa nini uzi huo, mama?"

Jumwa hakumtazama. "Seremala, mwanangu, akiitwa, kwanza huuliza kimo."

Kaviha akampokonya. Alikuwa hajapata kumpokonya mavyaa yake hata mwiko, lakini uzi ule aliupokonya, akauviringisha kidoleni mpaka kidole kikavimba. Akasema kwa sauti, wala si kama mtu anayesali, ni kama anayemwita jirani ng'ambo ya barabara: "Mungu wangu, uzi huu si wa seremala! Mtoto wangu akisimama nitaufanya utambi, nikufanyie mshumaa wa kimo chake, nije nikuwashie kanisani. Umenisikia."

Jumwa akatoka, akamwachia uzi.

Basi, Pascalia akasimama. Alianza kwa kuomba uji, akaukataa, akaomba mwingine. Halafu asubuhi moja kitanda kikaonekana kitupu, na huko nje Jerioth, jirani wa Ukambani ambaye mumewe Musyoka alifanya kazi ya reli, anapiga kelele: "Mama Pascalia! Njoo umtoe mtoto wako juu ya kuku wangu!" Kaviha alitoka mbio, akakaa chini mchangani palepale, akacheka na kulia kwa pamoja.

Nadhiri sasa ikawa ya kulipwa. Nta ilitoka kwa kakaye, Chengo, aliyekuwa na mizinga ya nyuki huko Rabai. Kila akishuka humletea dada yake masega yaliyokwisha kukamuliwa asali. Kaviha aliyachemsha majini katika debe, akayachuja kwa kipande cha kitambaa cha amerikani, akayaacha yapoe. Nta ikaganda juu, duara la manjano kama mkate wa mofa, uchafu umebaki chini yake, akaukwangua kwa kisu. Alijifunza kwa kukosea. Mshumaa wa kwanza ulitapika cheche kwa sababu ya maji, na wa pili ulizima kwa utambi mwembamba.

Alipokwisha kuelewa na nta imetimia, Jerioth akashikwa na uchungu wa kuzaa, na nyumbani hamna tone la mafuta. "Mama Pascalia, wataniambia nimezaa gizani kama paka!" Kaviha akaikata nta yake mishumaa mifupi mifupi, akampa mkunga. Nta ya mara ya pili ilikwenda msibani kwa mzee Kombe. Ya tatu ilikwisha kwa kugawa tu, huyu kipande, huyu kipande, maana nani atamnyima mwenzake mwanga?

Na Pascalia hakungoja. Alikua kama mbaazi iliyopata mvua. Siku Kaviha alipoutoa uzi kwenye mkebe na kumpima, uzi ulimfika begani.

Waliyasema hayo wakila. Gona alicheka hata akapaliwa na wali. "Mwambie Mungu apokee kwa mafungu, mke wangu. Leo miguu, mwakani kiuno."

"Usinifanyie mzaha, baba Pascalia. Nadhiri ni ya uzi ule ule. Nitafanya wa urefu wa uzi, basi."

Jumwa akaweka tonge chini. Tangu siku ile chumbani hakuwahi kuutaja uzi huo. "Uzi ule niliupima mimi," akasema, "na niliupima wa maiti. Mtoto aliye hai hapimwi kwa uzi wa maiti. Mpime alivyo sasa, uunge."

Kaviha akaunga uzi mpya kwa ule wa kale, fundo likakaa kati ya nyuzi hizo mbili.

Mvua za masika zilipoingia, Pascalia akapata homa. Pengine ilikuwa homa tu kama ya watoto wote wa Changamwe, lakini mamake moyo ulimwambia: Mungu anadai. Mtoto aliazimwa, na mwenye mali amechoka kungoja. Chengo alikuwa ameleta masega juzi yake. Safari hii watu walipokuja mlangoni Kaviha aliwaambia, "Nisameheni," wala hakutoa.

Alisokota utambi kwa uzi ule ulioungwa, akautundika kwenye boriti na kijiwe chini, akapanda juu ya kinu, akawa anamimina nta kwa upawa, inashuka, inaganda, anamimina tena. Ulipopata unene wa kidole gumba aliusimamisha ndani ya debe la mchanga, ukaegemea ukuta wa jikoni, ili aurembe. Alisaga mbegu nyekundu za mzingefuri ndani ya nta ya moto, na manjano ndani ya nyingine, akatoa nyuzi laini kama tambi, akauzungushia nyekundu, manjano, nyekundu, toka chini hadi juu. Kila pindo alilipiga chapa kwa subana lake la kushonea. Ulipendeza mshumaa ule, ungedhani umevaa leso. Kisha akaenda bombani kuchota maji.

Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka kali, na jiko lenyewe ni la mabati na moto haukuzimwa vizuri. Aliporudi na ndoo kichwani, mshumaa ulikuwa umeinama, kichwa kimegusa sakafu, kama mtu aliyepigwa tumboni.

Kaviha akatua ndoo. Akaiondoa kichwani na kata ya kanga iliyokuwa chini ya ndoo, akaishika mkononi, akalia. "Ameukataa! Mama, njoo uone, Mungu ameukataa!"

Jumwa akaja, akatazama. "Umevunjika?"

"Umelegea."

"Basi kilicholegea huviringwa. Hebu usililie nta, ikipoa ndiyo itavunjika."

Kaviha aliunyanyua. Ulikuwa vuguvugu, mtiifu. Na mikono yake, iliyoviringa kata za kubebea maji tangu utoto, haikungoja kuambiwa. Ikauzungusha mshumaa juu ya wenyewe, pindo baada ya pindo, mpaka ukawa kata ya nta, nyekundu na manjano, haukupasuka popote. Ncha ya katikati, ile yenye uzi wa kale, akaiinua juu kidogo.

Jumapili, homa ikiwa imekwisha kupoa, waliondoka wote alfajiri kabla ya jua, mshumaa umefunikwa jani la mgomba lenye maji. Padri, mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kitabuni, alilifunua jani. "Mama, hiki ni nini? Nyoka?"

"Ni binti yangu, Padri."

Padri akamtazama Pascalia, akautazama mshumaa.

"Kama huamini uukunjue umpime," Jumwa akasema. Yeye alikuwa hajabatizwa, na kanisani siku hiyo ndiyo mara yake ya kwanza.

Padri akacheka, akauweka miguuni pa sanamu ya Maria. Pascalia ndiye aliyewasha. Moto ukashika, harufu ya asali ikaenea, na Kaviha akapiga magoti akasema asante, na asante, na asante, maana maneno mengine yote yalimpotea. Jumwa alibaki amesimama, macho kwenye ule utambi aliowahi kuukata kwa meno.

"Uungue," akanong'ona. "Uungue wote."

Tangu hapo mshumaa uliwashwa kidogo kila Jumapili, na kila Jumapili Jumwa alikuwako. Hakufuata sala, alifuata moto. "Umefika fundoni?" humwuliza mkaza mwanawe. "Bado, mama."

Jumapili ulipolipita fundo, Jumwa alirudi nyumbani mbele ya wote. Walimkuta amemsimamisha Pascalia kwenye mwimo wa mlango. "Simama wima weye, usijirefushe kwa vidole!" Akapitisha uzi mpya toka utosini hadi kisiginoni, akaukata kwa meno, akamwekea Kaviha mkononi.

"Mwambie nduguyo alete nta," akasema. "Huyu amerefuka tena."